Kuhusu Kaisari na makonsuli wa Roma, anzia 133 KK

Ndugu yangu umeuliza ilikuwaje Roma yenye makonsuli wawili, yaani viongozi wakuu wa kuchaguliwa, kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake na wote wanatoka baada ya mwaka, ikaishia mikononi mwa mtu mmoja. Ushauri wangu, usianze na Julius Caesar, utapotea, manake yeye alikuta nyumba imeshaoza.

Anza 133 KK na Tiberius Gracchus. Huyu alikuwa tribuni, yaani mtetezi wa watu wa kawaida, na kumgusa ilikuwa mwiko kabisa, sasa akaleta sheria ya kugawia maskini ardhi ya umma iliyokaliwa na matajiri, na alipotaka kugombea tena maseneta wakavunja mabenchi wakampiga nayo yeye na wenzake mpaka wakafa, maiti zikatupwa mto Tiber usiku. Mimi hapo huwa naumia kila nikisoma. Mdogo wake Gaius naye akafa 121 KK.

Ukishaelewa hapo, mengine yanakuja yenyewe: jenerali Marius anaandikisha jeshini watu wasio na ardhi, askari wanamtegemea jenerali wao awape shamba, sio seneti, ndo jenerali mwingine, Sulla, akaingia Roma na jeshi 88 KK, Caesar naye akavuka Rubicon, mto wa mpakani mwa Italia, na jeshi lake 49 KK.

Halafu msome Augustus, kaisari wa kwanza, taratibu sana, kuanzia 27 KK. Makonsuli hakuwafuta, waliendelea kuwepo kila mwaka, ila jeshi kubwa lilikuwa lake.