Nyuzi za kaboni kwa saruji badala ya epoksi?

Ndugu, umeuliza kama boriti inaweza kuimarishwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na mota ya saruji badala ya epoksi (gundi ya kemikali inayogandisha nyuzi kwenye zege). Inawezekana, ila si kwa ile shuka nzito ya kitambaa. Chembe za saruji ni kubwa mno kupenya kati ya nyuzi zilizobanana, ndiyo maana hutumika wavu wenye matundu ya sentimita 1 hadi 3, mota ipite na kushikana pande zote mbili. Huko Schweinfurt, Ujerumani, paa jembamba la zege liliimarishwa hivyo mwaka 2006.

Faida kubwa ni kwenye joto. Epoksi nyingi za saiti huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 80 tu, moto ukiwaka ndiyo basi. Na epoksi haipendi zege lenye unyevu, wakati kwa mota unalilowanisha kwa makusudi: limwagie maji hadi lishibe, ufute yanayotuama, maana zege kavu litanyonya maji ya mota. Kabla ya hapo parua mpaka kokoto zionekane.

Ubaya wake: kila uzi wa wavu ni kifungu cha nyuzi ndogo nyingi, na zile za katikati hazigusani na saruji, huteleza. Kwa hiyo usipige hesabu kwa fomula za epoksi. Fuata mwongozo wa ACI 549.4R, wa Taasisi ya Zege ya Marekani. Ukichagua nyuzi za kioo, hakikisha zina zirkonia (oksidi ya zirkoni), inayozikinga dhidi ya alkali. Kioo cha kawaida huliwa na alkali ya saruji.