"Tabia ipi?": msimamizi amenirudishia andiko, nifanyeje?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka saba kazini, na sasa niko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya saikolojia ya afya na mabadiliko ya tabia. Andiko langu la utafiti linahusu wagonjwa wa shinikizo la damu wasiozingatia dawa. Nilipendekeza vipindi vya elimu kliniki, kisha hojaji ya kupima uelewa wao kabla ya vipindi na wiki nne baadaye. Msimamizi amelirudisha, na pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili tu: "Tabia ipi?" Nilipomwambia tabia ni kuzingatia dawa, alitabasamu akaniambia nikasome tena. Nimesoma nadharia mpaka zimenichanganya, kila moja na visanduku na mishale yake. Nichague ipi? Takwimu nazo sijawahi kuzipenda. Na la mwisho: nikimaliza, nitaitwa mwanasaikolojia wa afya?

JIBU

Marahaba. Msimamizi wako hajakuonea, ingawa angeweza kukuongezea maneno matatu manne.

"Kuzingatia dawa" ni jina la jumla la tabia kama sita hivi. Kuna kufika kliniki siku ya miadi. Kuna kuchukua dawa dirishani. Kuna kumeza kidonge, kukimeza kwa saa yake, kumeza dozi kamili badala ya kuikata nusu ili idumu, na kurudi kuchukua nyingine kabla ya chupa kuisha. Mtu anaweza kuwa hodari katika tano akaanguka katika moja. Tena aliyesahau kidonge na aliyeamua kwa akili timamu kukiacha wataonekana sawasawa kwenye daftari lako, lakini kitakachomfaa mmoja hakitamfaa mwenzake. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba katika nchi zilizoendelea ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao. Hao wengine wote huwezi kuwaweka kapu moja.

Nikiwa mwanafunzi kama wewe nilitengeneza kipeperushi cha kurasa nne kuhusu shinikizo la damu, nikakionea fahari kweli. Nikakaa na mzee mmoja ambaye vipimo vyake vilikuwa vikipanda na kushuka bila sababu ya kueleweka, nikaanza kumsomea. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanisomea yeye: shinikizo ni nini, mishipa inafanywaje, kiharusi kinakujaje. Hapakuwa na kitu kwenye kipeperushi ambacho hakukijua. Basi nikaweka karatasi pembeni, nikamwomba anisimulie wiki yake iliyopita, siku kwa siku, kidonge kwa kidonge. Jumatatu alimeza. Jumanne hakumeza. Jumatano alimeza, Alhamisi hakumeza. "Jumanne na Alhamisi kuna nini, mzee wangu?" Akacheka kwa aibu. Siku hizo husafiri kwa basi, mwendo wa saa tatu nzima, na kidonge chenyewe ni cha kumkojoza. Basi halisimami kila mtu anapotaka.

Vipindi vyako vya elimu vingemfanyia nini mzee yule? Hojaji yako ingempa alama zote kabla, na zote baada. Kilichomsaidia ni mazungumzo ya dakika tano na daktari wake kuhusu saa ya kumeza siku za safari. Modeli waliyoitoa Susan Michie na wenzake mwaka 2011, ambayo bila shaka umekwisha kuchorewa ubaoni, inasema tabia yoyote hutaka vitu vitatu: uwezo, fursa na motisha. Mzee uwezo alikuwa nao, motisha alikuwa nayo. Fursa ndiyo iliyokosekana siku mbili kwa wiki. Wewe umeleta elimu, ambayo hujaza pengo la uwezo, kabla hujaonyesha kwamba pengo liko huko. Ni sawa na kuandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa, na wewe muuguzi hilo usingelikubali wodini.

Ukitaka mfano wa zamani wa kumpelekea msimamizi, mchukue mwanasaikolojia Howard Leventhal na wenzake wawili, mwaka 1965. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale vijitabu kuhusu pepopunda, vingine vya kutisha sana, vingine vya kutisha kidogo. Vya kutisha sana viliwafanya wengi waseme kwamba watachanja. Ulipofika wakati wa kuhesabu nani alikwenda kweli, ukali wa vitisho haukuleta tofauti. Tofauti ililetwa na ramani ya chuo yenye kituo cha afya kilichowekewa alama, pamoja na ombi kwamba mtu apitie ratiba ya wiki yake atafute lini atapita pale. Waliopewa hayo walichanjwa kama 28 kwa kila 100. Ambao hawakupewa, kama 3. Na hao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kituo walikijua kilipo.

Sasa nadharia. Usitafute iliyo bora kuliko zote, tafuta ile inayojibu swali lako. Modeli ya imani za kiafya ilizaliwa Marekani miaka ya 1950, maofisa wa afya ya jamii waliposhangaa kwa nini watu hawaji kupigwa picha za kifua za uchunguzi wa kifua kikuu. Inauliza kama mtu anaiona hatari, na kama anaona faida inazidi usumbufu. Kwa jambo la mara moja, kama uchunguzi au chanjo, bado inafaa. Kwa kidonge cha kila siku hadi mwisho wa maisha, inachoka mapema. Nadharia ya tabia iliyopangwa, ya Icek Ajzen, inayosema tabia hutokana na nia, hutabiri nia vizuri, kisha huishia mlangoni. Thomas Webb na Paschal Sheeran walikusanya majaribio mwaka 2006 wakaona kwamba hata ukiisukuma nia kwa kiasi kikubwa, tabia husogea kidogo tu. Mwaka 2014 kuna watafiti walioandika waziwazi kwamba nadharia hiyo istaafishwe, na ubishi wake haujapoa. Hatua za Prochaska na DiClemente, zinazosema mtu hubadilika kwa ngazi, kuanzia asiyefikiria kabisa hadi anayedumisha, zilitokana na utafiti wa wavuta sigara. Nitakuwa mkweli: wanafunzi huzipenda kwa sababu zinachoreka vizuri. Mimi sijaona kazi nyingi za kuridhisha zinazoonyesha kwamba afua, yaani mpango wa kumsaidia mtu abadilike, iliyoshonwa kwa kila hatua inaishinda ile ya kawaida.

Kwa mada yako ningemrudia Leventhal yuleyule, lakini kwa kazi yake ya baadaye kuhusu namna mgonjwa anavyojielezea ugonjwa wake mwenyewe: unaitwaje, umetokana na nini, utadumu muda gani, utanifanya nini, unazuilika? Shinikizo la damu haliumi, na hapo ndipo penye utajiri wote wa mada hii. Mwaka 1985 yeye, Daniel Meyer na Mary Gutmann waliwahoji wagonjwa wa shinikizo. Wengi walikubali kwamba mtu hawezi kuhisi shinikizo lake likipanda. Walipoulizwa juu yao wenyewe, wengi wa hao hao wakasema mimi nahisi: kichwa kinaniuma, uso unapata joto. Mtu wa namna hiyo humeza dawa siku ya kichwa na huiacha siku ya raha, na kwa mantiki yake hajakosea. Unganisha hilo na kazi ya Rob Horne, anayepima mizani mbili ndani ya mgonjwa: ninavyoona naihitaji dawa hii, na ninavyoihofia. Mizani ya hofu ikizidi, hata ungefundisha mwaka mzima, kidonge kitabaki kwenye chupa.

Baada ya kujua tatizo ndipo unachagua mbinu, na hapa kozi yako itakuwa kali kwa maneno. "Ushauri nasaha" haukubaliki kama maelezo ya afua, kwa sababu ile ile ambayo huwezi kuandika kwenye faili "mgonjwa alipewa dawa" ukaishia hapo. Dawa gani, miligramu ngapi, mara ngapi, na nani? Kwa tabia ipo orodha iliyochapishwa mwaka 2013 yenye mbinu 93 katika makundi 16: kuweka lengo, kujifuatilia, kubadili mazingira, kupanga utekelezaji, na kadhalika. Usiikariri. Itumie kama unavyotumia kitabu cha dawa, kufungua na kuhakiki jina, ili muuguzi mwingine akisoma tasnifu yako aweze kurudia ulichofanya.

Mbinu moja nakushauri uitazame kwa karibu: mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya vile", uliochunguzwa sana na Peter Gollwitzer. Haufanani na "nitajitahidi kumeza dawa". Mgonjwa huandika kwa mkono wake: "Nikishamaliza kupiga mswaki asubuhi, nameza kidonge palepale, kabla sijatoka bafuni." Chupa inahamia kando ya mswaki. Mapitio ya majaribio 94 mwaka 2006 yalionyesha mipango hii inasaidia kweli, lakini ina sharti: humsaidia mwenye nia anayesahau. Asiyetaka dawa hana haja ya mpango, ana haja ya kusikilizwa kwanza.

Na wiki nne zako hazitoshi. Hadithi ya kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 imeenea mno, hata kwa watu wa afya. Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kuzoea jambo jipya la kila siku, wakachapisha mwaka 2010: kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66, na kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 hadi 254. Weka miezi mitatu ukiweza.

Takwimu huna haja ya kuzipenda. Utahitaji wastani na mtawanyiko, ulinganisho wa makundi mawili, regresheni (kupima jinsi jambo moja linavyokwenda na jingine), na akili ya kutazama ukubwa wa tofauti badala ya kushangilia tu kwamba kompyuta imesema tofauti hiyo ina maana kitakwimu. Hayo hujifunzwa kwa kuyafanya, jioni moja moja, kwa data halisi. Mtego wako mkubwa uko mahali pengine, kwenye kipimo. Hojaji ya uelewa haipimi tabia hata kidogo. Ukimuuliza mgonjwa moja kwa moja kama amemeza, atakufurahisha. Ukihesabu vidonge vilivyobaki, wapo wanaovimwaga wakikaribia mlango wa kliniki. Chupa yenye kifuniko cha elektroniki hurekodi kufunguliwa, haijui kama kidonge kilifika kooni. Rekodi za dirishani zinakuambia nani alichukua, basi. Chagua viwili vyenye udhaifu tofauti, na useme udhaifu wao kabla mtahini hajausema.

Jambo jingine linalowaumbua wauguzi wazoefu kabisa: ukiwachagua wagonjwa kwa sababu shinikizo lao lilikuwa juu sana siku hiyo, wengi watashuka kwenye kipimo kinachofuata hata usipowafanyia lolote, kwa kuwa uliwakamata siku yao mbaya. Bila kundi linganishi, la wagonjwa wa aina hiyo hiyo wasiopewa afua yako, utajipongeza kwa kazi ambayo hukuifanya.

Kuhusu cheo: shahada ya uzamili peke yake mara nyingi haikupi jina hilo. Katika nchi ambazo jina limelindwa kisheria, huwezi kulitumia mpaka usajiliwe. Uingereza, kwa mfano, uzamili ni hatua ya kwanza, halafu inafuata miaka ya mafunzo ya kazi chini ya usimamizi, ndipo usajili. Na kwa kuwa shahada yako ya kwanza ni ya uuguzi, waulize wasajili wa nchi unakotaka kufanya kazi kama msingi huo unakubalika au utadaiwa masomo ya ziada ya saikolojia. Uliza sasa, kwa maandishi, kabla ya kulipa ada ya muhula ujao. Usiposajiliwa bado kuna kazi nyingi: kubuni na kutathmini miradi ya afya, kufundisha watoa huduma, utafiti. Muuguzi anayeijua kliniki kwa ndani hapati shida kueleza kwa nini anafaa.

Kwa msimamizi, rudi na sentensi moja ya namna hii: wagonjwa wa shinikizo la damu waliotumia dawa kwa miezi sita au zaidi, wameze kidonge cha asubuhi, nyumbani, kila siku, kwa miezi mitatu. Nani, nini, wapi, lini, mara ngapi. Akikuuliza kwa nini kidonge cha asubuhi na si kurudi kliniki, uwe na jibu, na jibu hilo hulipati maktaba. Omba kibali cha maadili cha kuzungumza na wagonjwa kumi au kumi na tano kabla hujabuni afua yoyote. Hojaji iache ofisini. Chukua karatasi yenye siku saba za wiki iliyopita, anza na Jumatatu, na mgonjwa akifika siku ambayo hakumeza, nyamaza umpe nafasi ya kueleza.