Ripoti inachelewa? Ondoa kitanzi kwanza

Ndugu, umesema programu yako inasoma mauzo ya mwaka mzima, kisha inatafuta jumla ya kila bidhaa kwa ombi lake (swali linalotumwa kwa hifadhidata) ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia tena na tena, na unafikiria kununua kompyuta yenye nguvu zaidi. Subiri kwanza. Muda mwingi hapo unapotelea kwenye kwenda na kurudi kati ya programu na hifadhidata, wala si kwenye hesabu yenyewe. Iache hifadhidata ijumlishe: ombi moja lenye SUM (jumlisha) na GROUP BY (panga kwa makundi, hapa kwa bidhaa) litakurudishia jumla za bidhaa zote kwa mkupuo.

Kisha weka faharasa (index, orodha inayoisaidia hifadhidata kupata rekodi haraka) kwenye safu (column) ya tarehe, kwa kuwa ndiyo unayochujia. Ila usiandike YEAR(tarehe) = 2024; ukiifunga safu ndani ya fomula namna hiyo, mara nyingi faharasa ya kawaida haitumiki na jedwali zima linasomwa. Andika tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'. Inasikitisha jinsi wengi wanavyolipuuza hili, na marekebisho yake ni mstari mmoja tu.

Usijaze faharasa kila safu, maana kila moja inachelewesha kuingiza rekodi mpya. Kama hifadhidata yako ina amri ya EXPLAIN, inayoonyesha jinsi ombi litakavyotekelezwa, iendeshe kabla na baada ya marekebisho, ulinganishe.