Kipande kimebaki kwenye figo: kivunjwe lini kwa mawimbi?

SWALI: Mume wangu ana miaka 46. Wiki mbili zilizopita alitobolewa mgongoni kuondolewa jiwe la figo. Picha ya CT ya kesho yake ilionyesha kipande cha milimita 8 kimebaki sehemu ya chini ya figo, na ana mrija wa ndani unaopitisha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Tumepewa nafasi ya mashine ya mawimbi, inayovunja jiwe bila kupasua, wiki ijayo. Twende au tungoje?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Ngojeni, mradi hana homa wala maumivu makali ya ubavu. Tundu lile limepita katikati ya nyama ya figo, na kwa wiki mbili kidonda bado ni kibichi. Damu ya ghafla baada ya upasuaji huu hupenda kutokea ndani ya wiki mbili tatu za kwanza. Mawimbi nayo, hata yakipigwa kwa ustadi, huichubua figo. Kwa mgonjwa aliyetulia, tungechagua wiki ya nne hadi ya sita.

Kisha kuna hiyo picha. CT ya kesho yake huonyesha hata vumbi na chembe ambazo zingetoka zenyewe na mkojo. Baada ya wiki nne arudie CT isiyo na dawa ya mshipani, na ripoti itaje ukubwa wa kipande, mahali kilipo na ugumu wake, unaoandikwa kwa HU, kipimo cha CT. Ukizidi 1000, mawimbi mara nyingi hushindwa. Hali kadhalika ikiwa kutoka ngozi hadi kwenye jiwe ni zaidi ya sentimita 10.

Sehemu ya chini ndiyo inayotutia wasiwasi. Jiwe linaweza kuvunjika vizuri, lakini vumbi likabaki palepale kama mashapo chini ya mtungi. Muulizeni daktari waziwazi: je, kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo si bora kwake? Mrija ungetolewa siku hiyohiyo.

Tarehe ya mrija iandikeni leo. Haufai kupita miezi mitatu, kwa sababu mawe hujijenga juu yake na kuutoa kukawa kazi nyingine. Kungoja kwenu kuna mpaka.

Mkiamua mawimbi, wiki moja kabla mkojo upelekwe maabara kuoteshwa vijidudu. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Vikipatikana vitibiwe kwanza, maana jiwe lenye vijidudu likivunjwa huvimwaga kwenye damu. Presha nayo iwe imeshuka. Kwenye mashine, mapigo 60 kwa dakika huvunja vizuri kuliko 120, yakianza kwa nguvu ndogo na kupanda polepole hadi jumla ya 2000 au 3000. Jeli kati ya ngozi na mashine isiwe na viputo, kwani hewa huzuia mawimbi.

Mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili ni kawaida. Kwa joto la Kisumu anywe lita tatu au zaidi, yaani chupa sita saba za nusu lita, mpaka mkojo uwe mweupe. Akojolee kwenye chujio la chai lililotengwa kwa kazi hiyo, na punje zipelekwe maabara zijulikane ni jiwe la aina gani. Akitetemeka kwa homa au mkojo ukikwama, hospitali usiku huohuo.

SWALI: Baba anatumia aspirini kwa ajili ya moyo. Aiache kabla ya mawimbi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Asiiache kwa uamuzi wake. Kwa kawaida husimamishwa siku saba kabla, ili kupunguza kutoka damu, lakini aliyewekewa stenti ya moyo (kijibomba kinachouweka wazi mshipa wa moyo) anaweza kupata mshtuko wa moyo akiiacha. Daktari wa moyo na wa mkojo waamue pamoja. Ikiwa haiwezekani kuiacha, kamera ya njia ya mkojo hufanyika mgonjwa akiendelea na dawa.