Mkuu usifunge hizo tairi mbili (Subaru Forester SG5 ya kwenda porini)

Mkuu mleta uzi, salamu baadaye. Umeuliza mengi, kunyanyua gari inchi mbili, keria, taa za LED za juu, sijui na winchi, ila nimesoma mpaka chini kabisa pale ulipochomekea kama kitu kidogo tu kwamba umeshanunua tairi mbili za A/T (za lami na porini) 215/65R16 za kufunga nyuma, na mbele zitabaki hizo hizo 215/60 za zamani mpaka mwisho wa mwezi ukipata hela. Hapo ndo nimeacha chai. USIFUNGE. Kama ziko kwenye buti ziache huko huko.

Mi yangu SG5 otomatiki kama yako, na hicho unachotaka kufanya nilishakifanya. Fundi tairi mmoja na kompresa yake chini ya mwembe akaniambia "bosi hii gari inasukuma kwa nyuma, mbele ni usukani tu, weka mbili nyuma uone inavyopanda". Inasukuma nyuma! Subaru, gari ya kusukuma zote nne! Jamaa alikuwa anaongelea Toyota Mark II, ile ndo inasukuma nyuma, mi nikawa natikisa kichwa. Nikalipa, nikapiga picha, nikarusha kwenye grupu la WhatsApp la wenye Subaru, wajuaji wote wakajaza emoji za moto, hamna hata mmoja aliyeuliza mbele umefunga nini. Wale watu wa picha ogopa sana.

Ishu yenyewe ni hii. Otomatiki ya hizi gari ina klachi ya sahani nyingi kule mwisho wa gia boksi, inafanya kazi kwa ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ile ile ya gia boksi, kompyuta ndo inaibana au inailegeza kupeleka nguvu nyuma. Sasa hiyo klachi inategemea mbele na nyuma vizunguke sawa ukiwa umenyoosha barabara. Piga hesabu: 215/60R16 ina kimo cha kama milimita 664, 215/65R16 ni kama 686. Utasema sentimita mbili tu, rimu ni ile ile 16, fundi naye alisema hivyo hivyo. Zidisha kwa 3.14, mzunguko umetofautiana karibu sentimita 7. Kila kilomita moja tairi za mbele zinazunguka kama mara 15 zaidi ya za nyuma. Dar mpaka Moro ni kama kilomita 190, haya zidisha mwenyewe, na tofauti yote hiyo inaliwa na zile sahani zikisagana na kuchemka, na wala hujagusa tope.

Ubaya wake porini huoni kitu. Kutoka Kibiti kwenda Mloka kule Rufiji, ile barabara ya vumbi na mchanga, gari ilitembea raha mpaka nikaanza kudharau wenye Prado, kwa sababu kwenye mchanga tairi linateleza kidogo na ile tofauti inaishia hapo chini. Kwenye lami ndo inaua, maana tairi limeshika, haliwezi kuteleza, kazi yote inarudi kwenye klachi. Nikarudi mjini nasifia. Siku naingia parking ya supamaketi, nimekata usukani mpaka mwisho, gari ikagoma, dugu dugu dugu, inaruka ruka kama mtu kavuta handbreki. Mlinzi akanifuata dirishani "bosi achia handbreki". Nikamkata jicho. Halafu alipogeuka nikaicheki 😂 ilikuwa chini.

Kuanzia hapo ni hela tu. Kila fundi aliyelala chini ya ile gari aliamka na kitu cha kubadilisha. Wa kwanza kasema CV joint (viungo vya ekseli za magurudumu), tukabadilisha zote mbili, dugu dugu. Mwingine kasema bushi, tukabadilisha, dugu dugu. Mwingine kataka kunifungulia stelingi raki nikamwambia tulia kwanza. Aliyeniokoa ni mzee mmoja Ilala, hakushika hata spana, alichomoa kijiti cha ATF akanusa, akanipa na mimi ninuse, nyeusi na inanuka kuungua, halafu akazunguka gari akiangalia matairi akacheka. Akachomeka fyuzi ya 15A kwenye kile kishikio kilichoandikwa FWD ndani ya boneti, taa ya FWD ikawaka kwenye dashibodi, maana yake hapo nyuma kumeachiwa kabisa gari inavuta mbele tu. "Kata kona." Dugu dugu ile ile. Akasema sahani zishashikana hizo, ingekuwa inaachia kona ingelainika. Gia boksi ya mtumba, ufundi, ATF mpya, na juu yake bado nikanunua zile tairi mbili nilizokuwa nazikwepa toka mwanzo. Wife mpaka leo nikisema nataka kitu cha gari anauliza "hicho kinasukuma mbele au nyuma".

Kwa hiyo mkuu, tairi NNE MAPACHA au usiguse. Saizi moja, kampuni moja, mchoro mmoja na zimelika sawa. Usinifanyie ujanja wa "saizi ni ile ile ila mbili mpya mbili za zamani", tairi mpya ikizidi kipara kwa milimita 7 tu za meno, mzunguko unapishana zaidi ya sentimita 4, wakati Subaru wenyewe Marekani wanataka tofauti isizidi robo inchi, kama milimita 6. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia tairi moja moja, dakika kumi umemaliza. Za mtumba soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, ukikuta nne kila moja na mwaka wake achana nazo. Na spea nayo iwe saizi hiyo hiyo, kwa hiyo kiukweli nunua tano. Wenye manyuali msicheke, ile viscous ya katikati (inayounganisha mbele na nyuma) nayo ikichemka inakaza, mtakutana Ilala.

Lifti? Aah. 215/65R16 nne zinaingia bila kunyanyua chochote, cheki tu zisiguse kile kisahani cha springi kwenye shokapu, na spesa za juu ya shokapu hazikuongezei nafasi hapo hata kidogo, kisahani kinabaki pale pale juu ya tairi, kinachopanda ni bodi. Ukinyanyua sana CV joint zinakaa pembe kali, raba zinachanika, grisi inatoka mchanga unaingia. Anza na bamba la chuma la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini). LED bar na keria sijui, wengine watajibu, mi yangu haina hata redio inayoshika.

Kama ushazifunga tayari, rudisha zile mbili za zamani nyuma. Kama ushaziuza, weka fyuzi ya FWD utembee mbele tu mpaka upate nne, ila Mloka usiende hivyo, mchanga utakulaza. Kama bado ziko kwenye buti wapigie simu ulikonunua leo leo uulize kama wanabadilisha, tairi ikishavaa rimu hamna duka linairudisha.