Haya ndo ninayosikia nikiwapima watu nguo (mi fundi cherehani)

Dada mleta mada, umeuliza kama binti yako wa miaka 13 aliyeanza kukataa nguo zinazoonyesha mikono ni umri tu utapita au kuna watu wamemjaza kitu kichwani, na mchangiaji hapo juu kakujibu kwamba uzuri ni maumbile, binadamu anazaliwa anajua kipi kizuri kipi kibaya, jamii inasingiziwa bure. Ngoja nijibu mimi ambaye kazi yangu kila siku ni kuzungusha futi kwenye viuno vya watu.

Mteja akisimama nimpime, kabla hata sijakunjua futi ananiomba radhi. Sio mmoja wala wawili, wengi sana aisee. "Fundi usinicheke nimenenepa." "Mabega yangu mabaya haya utayaona." "Mi sina umbo, we shona tu utakavyoweza." Na mi hapo sijasema neno, ndo kwanza natafuta kalamu. Wanaume nao wasijifanye, nikifika kiunoni tumbo linavutwa ndani na pumzi haitoki mpaka niandike namba, halafu akija kuchukua suruali inambana analalamika fundi kakosea. Sa hivi mwanaume nampigisha stori kwanza, akicheka tumbo linarudi mahali pake ndo napima haraka haraka hahaha.

Sasa watoto ndo wamenifundisha. Mtoto mdogo ukimwambia inua mikono anainua mpaka juu, anajizungusha, anauliza nguo itakuwa na mfuko au haina. Huyohuyo akirudi baada ya miaka kadhaa viwiko vimebana mbavuni, futi ikipita tumboni anashtuka. Hapo katikati nini kimetokea? Kingine sikijui ila kimoja nakisikia kwa masikio yangu, maana watu wazima wanaongea juu ya kichwa cha mtoto kama vile hayupo. "Fundi huyu mfiche tumbo hilo." "Mapaja kachukua kwa shangazi yake." "Mdogo wake ndo ana umbo, huyu tumshonee pana pana tu." Na wanaongea kwa upendo kabisa, wanacheka, mtoto naye anacheka, ila mi mwenye futi mkononi nahisi kabisa alivyobana pumzi. Muda si mrefu analeta ombi mwenyewe, fundi nataka mikono mirefu. Sisemi ni wewe dada, inaweza kuwa mtu yeyote, hata mtoto mwenzake shuleni, hata simu.

Hilo la maumbile mchangiaji nakupinga kidogo. Kule Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, watu walikuwa wanapenda mwili uliojaa, mtu akikonda ndo watu wanapata wasiwasi kwamba huyu hatunzwi vizuri. Televisheni ikafika eneo la Nadroga 1995, na mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha Harvard Marekani, Anne Becker, akawauliza wasichana wa sekondari muda mfupi baada ya kufika, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Akarudi 1998 akawauliza wasichana wengine wa rika lilelile, kama 11 kati ya kila 100 wakasema wanafanya hivyo. Miaka mitatu! Maumbile gani hayo yanabadilika kabla hata sare ya shule haijachakaa?

Na kuna hili la saizi ambalo ndo linaniuma mimi kama fundi. Zamani nguo ilikuwa inakatwa kufuata mtu, ikibana kwapani unasema fundi hii inabana, naachia mshono, yameisha. Redimedi imegeuza kibao, nguo imeshonwa tayari kwa mtu ambaye hayupo halafu isipokuingia unarudi nyumbani unayachukia makalio yako. Na huyo mtu ambaye hayupo ana historia yake bana. Marekani 1939 hadi 1940 wizara ya kilimo (ndiyo, ya kilimo, usiniulize) iliwapima wanawake karibu 15,000 ili zipatikane saizi za nguo, na waliokuwa sio wazungu vipimo vyao vikawekwa pembeni. Kiwango chenyewe kikatoka 1958, kikafutwa 1983, na kule mpaka leo kila kampuni inajipangia namba zake, kwa hiyo 12 ya kampuni hii sio 12 ya kampuni ile na mtu analia kisa namba ambayo haina hata mwenyewe.

Tena hukohuko Marekani kuna watu walichonga na sanamu kabisa, wakaiita Norma, mwanamke wa wastani, imetokana na vipimo vya maelfu ya wasichana. Mwaka 1945 gazeti moja la mji wa Cleveland likatangaza shindano la kumtafuta mwanamke anayefanana na Norma, wakajitokeza 3,864, na hakuna hata mmoja aliyelingana naye kila kipimo. Unadhani wakasema sanamu ina kasoro? Wapo waliosema wanawake ndo hawako fiti. Halafu angalia hii, 1950 jeshi la anga la Marekani lilikuwa na shida ya marubani kutoenea vizuri kwenye ndege, kijana mmoja anaitwa Gilbert Daniels akapiga hesabu za marubani 4,063 kwa vipimo kumi, naye hakupata rubani hata mmoja aliyekuwa wa wastani kwenye vyote kumi. Jeshi likafanyaje, likaagiza viti vinavyorekebishika kumfuata rubani. Rubani kabadilishiwa kiti, mwanamke kaambiwa akajibadilishe yeye.

Najua kuna atakayekuja na mambo ya presha na sukari. Ni kweli hayo magonjwa yapo na uzito unahusika, mwenye nayo amwone daktari. Ila kwenye kiti changu hapa mtu haniambii presha, ananiambia mikono yake minene, shingo fupi, magoti meusi. Goti jeusi ni ugonjwa gani?

Kwa binti yako mi ningefanya hivi. Mikono mirefu mpe, usimlazimishe avae wazi eti azoee, atajifunza tu kwamba hata wewe unauangalia mwili wake. Na hayo ya "mbona we mzuri mwanangu" nayo yapunguze kidogo, ni maoni juu ya mwili vilevile, muulize badala yake nguo inambana wapi, anataka mifuko mingapi. Ukimpeleka kwa fundi mwache aongee mwenyewe, we kaa pembeni na simu yako. Na huyo fundi akianza maneno, oooh umejaa, oooh umekonda, chukua kitambaa chako muondoke, maana na sisi mafundi midomo tunayo, ila wapo wengi tu wanaopima kimya kimya na nguo inatoka safi.