Kidau kilichopotea: pa kuanzia kurekebisha riwaya

Mwalimu mwenzangu, asalaam aleikum. Umeeleza kwamba riwaya yako ya watoto, inayomhusu mtoto wa Shela, kisiwani Lamu, aliyepotelewa na kidau chake cha mti cha kuchezea, imepooza licha ya taharuki tele, nawe unauliza urekebishe msuko au wahusika.

Mimi ningeanza na ishara, yaani kitu kinachobeba maana kuliko umbo lake; hapa ni kidau chenyewe. Msomaji hawezi kuhuzunikia kidau asichokijua. Kwa hiyo, kabla hakijapotea, mwonyeshe tanga lililokatwa katika kanga kuukuu ya marehemu bibi, likiwa bado na herufi tatu za jina la kanga hiyo, na omo, yaani sehemu yake ya mbele, iliyolainika kwa kushikwashikwa kila usiku. Hapo kidau kitabeba kumbukumbu, na dhamira itajitokeza bila msimulizi kuihubiri, kosa ambalo sisi walimu hulipenda mno.

Mandhari nayo iendeshe matukio. Umeandika tu kwamba kidau kilichukuliwa na maji jioni. Sema kama yalikuwa yakijaa au yakipwa, kwani mtoto wa kisiwani anajua kwamba maji yakipwa huenda na kitu nje, na zile saa sita hivi za kungoja yajae tena ndizo taharuki yako halisi.

Usimulizi wa nafsi ya tatu unaoandamana na mtoto unatosha. Tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za mtu, ya kidau kinachozungumza uitumie iwapo tu utaiendeleza hadi mwisho. Sura yako ya wezi wa Mokowe, kule ng'ambo bara, kwa maoni yangu, iondoe.